Makala ya Magunzi Haitupwi

Jumamosi, mtaani kwetu Shituru, karibu na kiwanda cha shaba, nilipanga foleni kwa mwalimu wa kemia anayechoma magunzi ya mahindi kuwa makala, yaani makaa, ya kuchujia maji ya visima vyetu. Mama aliyenitangulia alikuja kuchukua mapya.

“Iko na matundu mingi ya kidogo-kidogo,” mwalimu alimweleza. “Sumu ya mu mayi inabakia mule. Ile ya zamani ulitupa wapi?”

Mama akacheka. “Mwalimu, nani anatupaka makala? Nilianika, tukachomea samaki.”

Mwalimu alifunika mdomo kwa kiganja. “Basi ile sumu ilitoka na moshi, ikaingia mu samaki,” akasema. Kwetu, kutupa makala ni kama kutupa unga.

Nilikimbia nyumbani. Maji mtungini yalikuwa safi kabisa. Uani, mke wangu alipuliza jiko.

“Makala ya chujio inawaka muzuri,” aliniambia, watoto wakiota moto.