Mbege ya Pikapu

Nilipoikuta pikapu ya baba, ilikuwa imekaa migombani Kilema miaka kumi na tisa, na kuku walikuwa wanataga kwenye kiti cha dereva. Nalisema hilo mwanzoni kwa sababu mdogo wangu siku hizi anawaambia watu kwamba nilitaka kumpora gari. Gari gani? Lilikuwa banda la kuku lenye usukani.

Mimi ni mtoto wa katikati. Kwetu wa katikati hana fungu. Kaka yetu mkubwa alikatiwa kihamba chake, shamba la ukoo, mapema, mdogo akabaki na nyumba ya baba pamoja na migomba, kahawa na ng'ombe walioizunguka. Mimi nilipewa baraka na nauli ya kushuka mjini. Sikumlilia mtu. Niliosha magari Moshi, nikajifunza kufungua injini, nikafika Ujerumani kwa jasho langu, nikafanya kazi gereji mchana na kusoma jioni kwa lugha ambayo hata kuitamka ni kazi. Diploma yangu ya ufundi wa magari ipo ukutani kwenye gereji yangu ya Njoro, mahali ambapo mteja hawezi kuikwepa. Nilirudi na kontena la zana. Hakuna ndugu aliyenichangia hata spana namba kumi.

Desemba ya kwanza baada ya kurudi, nilipanda Kilema kuiomba ile pikapu. Mdogo wangu alikuwa anakatakata majani ya ng'ombe.

"Shikamoo, kaka," alisema bila kuacha panga.

"Marahaba. Ile pikapu ya mzee naitaka."

"Ya nini? Pale kuna chuma gani cha kumfaa mtu wa Ulaya?"

"Nitaiendesha."

Alicheka mpaka akaweka panga chini. "Chukua tu, kaka. Ila waombe kwanza wapangaji," akasema, akiwaonyesha kuku kwa kidevu.

Sikutaka watu waseme nimekuja mikono mitupu. Nilikuwa nimenunua mapipa mawili ya mbege, pombe yetu ya ndizi, kwa mama mmoja anayepika vizuri kuliko wote pale sokoni, nikaita majirani wakajaa uani. Nilichota kata ya kwanza, nikampa mdogo wangu mbele ya wote, nikasema kwa sauti: "Hii ni kwa ajili ya pikapu." Wazee waliguna kwa kuridhika. Mdogo wangu akapokea kwa mikono miwili, akanywa, akapitisha. Niliteremka mlima nikiikokota pikapu kwa lori la kukodi, nikijiona nimefanya jambo la mtu mzima.

Sasa niseme kuhusu kazi yenyewe, maana kuna mafundi hapa mjini wanaopita wakisema ni kazi ya kawaida. Waifanye basi. Injini ya zamani ilikuwa ya petroli, imeshikana, pistoni zimeganda kwenye silinda kama meno kwenye fizi. Niliitoa nikaitupa kwenye vyuma chakavu. Mahali pake niliweka injini ya dizeli ya kisasa, yenye tabo ya kuisukumia hewa na kompyuta yake, kutoka kwenye gari lililogongwa nyuma. Injini hiyo haikuzaliwa kukaa kwenye chesisi ile. Sampu yake, lile bakuli la oili chini ya injini, liliangukia hasa kwenye chuma kinachokatiza chesisi. Fundi wa kubahatisha angekata chesisi. Mimi nilikata sampu, nikahamisha tumbo lake nyuma, nikaichomelea upya na kuijaza mafuta ya taa siku tatu nione kama itavuja. Haikuvuja tone. Nilitengeneza vishikio vya injini kwa mkono, nikafupisha propela shafti, nikaweka rejeta kubwa zaidi na breki za gari jipya. Nyaya za kompyuta zilinichukua miezi mitano peke yake, kwa sababu injini ile kila ikiwashwa ilikuwa inatafuta vitu ambavyo pikapu ya baba haijawahi kuwa navyo, ikivikosa inazima. Nilikaa na michoro ya umeme ya Kijerumani mpaka nikaidanganya. Mtu mwingine wa Moshi anayeweza kuisoma michoro ile, mniletee.

Desemba ya pili kazi ilikuwa nusu. Nilipanda tena Kilema na mbege, pipa moja na nusu, nikasema maneno yaleyale kwa sababu mwaka uliotangulia yaliwapendeza watu. Mdogo wangu alipokea tena kwa mikono miwili. Nakumbuka alinitazama muda mrefu kidogo kuliko kawaida. Nilidhani ni wivu.

Desemba ya tatu nilipanda nikiwa ndani yake. Enzi za baba, kile kilima cha kuelekea kanisani kilikuwa kinapandwa kwa gia ya kwanza, na sisi watoto tulikuwa tunaruka chini kuweka mawe nyuma ya magurudumu. Mimi nilikipanda na gia ya tatu, dirisha wazi, mkono nje. Watu walitoka kwenye migomba. Rangi ilikuwa ileile ya kijani ya baba, nimeichanganya mwenyewe mara sita mpaka ikakubali. Wanawake waliokuwa wakitoka shambani walipiga vigelegele. Nisingeibadilisha siku hiyo kwa gari lolote jipya la kiongozi.

Nilikuwa nimefuata jambo moja tu: kadi ya gari. Ilikuwa bado na jina la baba, imo kabatini kwa mdogo wangu, na bila kadi nisingeweza kuandikisha injini mpya wala kuhamishia umiliki kwangu. Pikapu isiyo na kadi ni pambo la uani.

Mdogo wangu aliizunguka mara mbili. Akapiga boneti kwa kiganja.

"Umeitengeneza vizuri, kaka. Mungu akubariki. Itanisaidia kwenye maziwa."

"Itamsaidia nani? Lete kadi niteremke."

"Kadi ya gari langu nikupe ya nini?"

"Langu! Wewe hujui hata dipstiki ya oili iko wapi."

"Sijui, kweli," alisema kwa upole ule unaokera kuliko matusi. "Lakini naijua mbege niliyokunywa."

Sikuelewa. Nilimwita mwizi, nikamwambia amelala kwenye kitanda cha baba tangu azaliwe na hajawahi kununua hata mto. Akaniambia nipunguze Kijerumani. Mkewe akafunga mlango. Mwishowe tulikwenda kwa baba mdogo, aliyebaki peke yake katika ndugu za baba, ambaye neno lake kwenye ukoo halipingwi. Tulimkuta barazani anakula mtori.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Mmekuja kwa mguu au kwa hilo linalonguruma?"

Nilimweleza yote: sampu, nyaya, miezi mitano, diploma. Alisikiliza akimaliza bakuli lake. Kisha akaniuliza swali moja.

"Ulimpelekea mbege?"

"Ndiyo, baba. Mara mbili. Mapipa, siyo debe."

"Ukasema nini?"

"Nikasema ni kwa ajili ya pikapu."

"Mbele ya watu?"

"Mbele ya watu wote."

Aliweka kijiko chini. "Basi umeshajihukumu mwenyewe, mwanangu, mimi naongeza nini?"

Akanieleza kama mtu anayemweleza mgeni. Zamani asiye na shamba alikuwa anaazimwa shamba na mwenye nalo. Alilima, akala, lakini kila mwaka alimpelekea mwenye shamba pombe, na pombe hiyo iliitwa masiro. Aliyepeleka masiro alikuwa amekiri kwa mdomo wake kwamba shamba si lake. Angeweza kulilima mpaka afe, na watoto wake wakalilima, lakini lisingekuwa lao kamwe. "Mwaka wa kwanza ningesema hukujua," alisema. "Lakini ulirudia."

"Mimi nilikuwa nafurahisha watu!"

"Walifurahi. Ndiyo maana wanakumbuka."

Nilimgeukia mdogo wangu. "Wewe ulijua tangu siku ile ya kwanza."

"Ulipochota kata ukaniletea na maneno yale, nikasema kumbe kaka hajasahau kwao." Hakucheka. "Peleka gari Njoro, endesha upendavyo. Desemba niletee masiro yangu. Hutaki, lirudishe."

Miaka yote niliyokaa nje nilijua kila aina ya skrubu, na sikujua maana ya pipa la pombe nililolinunua kwa mkono wangu. Baba mdogo alikuwa anangoja niseme nitaleta. Kungekuwa na vicheko, mtu angechinja, na mimi kila Desemba ningepanda kilima kumpigia goti mdogo wangu aliyezaliwa wakati mimi tayari najua kutembea. Nilisema, "Nalirudisha."

"Lote?" aliuliza mdogo wangu.

"Lililo lako."

Asubuhi iliyofuata nilisimamisha magogo matatu uani kwake, nikafunga winchi ya mnyororo. Kwenye gereji yangu injini ile hutoka kwa saa nne. Pale nilitumia siku nzima na nusu, kwa sababu sikutaka kuacha hata klipu moja. Nilitoa kompyuta, nyaya, rejeta, gia boksi, breki na shafti niliyoifupisha. Majirani walikuja na vigoda kama kwenye harusi. Mdogo wangu alikaa kwenye ngazi ya nyumba ya baba, akimenya ndizi.

"Kaka, na rangi?" aliita. "Au utaikwangua?"

Watu wakacheka. Nilimjibu kwamba rangi namwachia, ni sadaka. Akaniuliza injini ya mzee iko wapi, maana anayerudisha kitu cha kuazima hukirudisha kilivyokuwa. Hapo hakuna aliyecheka, na mimi niliinama kufungua nati nyingine, kwa kuwa injini ya mzee ilikwisha kuyeyushwa zamani na nani ajuaye kama sasa si nondo.

Nilivuta mnyororo. Injini ilipanda taratibu kati ya migomba, ikizunguka, safi, oili haidondoki. Uzito ulipoondoka, springi za mbele zilijinyoosha, na pua ya pikapu ikainuka juu, boneti wazi, ikatazama nyumba. Mdogo wangu alisimama. Ndizi ilikuwa mkononi bado.

"Kaka," alisema, na safari hii sauti yake haikuwa na mzaha. "Ungeleta pipa moja tu."

Niliendelea kuvuta.