Siku Sita za Mama Feza

Siku yangu ya kwanza kazini nilivaa koti nililofungia ndoa. Nilikuwa nimeacha kazi ya kuandika mizigo ya wafanyabiashara wa samaki pale Kashikishi, na niliona kuingia kwenye nyumba ya kuuguzia wagonjwa ni kupanda cheo. Sista mkuu, mwanamke mfupi aliyesema polepole, alilitazama lile koti kisha akanipa aproni.

"Mama yako ni wa Kongo?" akaniuliza.

"Ndiyo, Sista. Kiswahili ni chake. Kibemba ni cha baba, Kiingereza ni cha shule."

"Vizuri. Hapa hatuponyi mtu. Wanaoletwa ni wale ambao hospitali haina tena la kuwafanyia. Tunatuliza maumivu, tunaosha, tunakaa nao. Wewe mkalimani utasema kile kilichosemwa, basi. Usitie chumvi, usipunguze."

Nikajibu ndiyo, nikidhani ni jambo jepesi.

Tulikuwa na vitanda vinane, hapa Nchelenge, karibu na ziwa. Wagonjwa wa Kibemba hawakunihitaji, kwa kuwa wauguzi walikuwa watu wa lugha yao. Nilihitajika kwa Wakongo waliovuka ziwa hilo la Mweru kwa biashara, na baadaye kwa watu wa makazi ya wakimbizi ya Mantapala. Nilijifunza kuuliza maumivu kwa vidole: ngumi maana yake hakuna, vidole vitano maana yake hayavumiliki. Nilijifunza kueleza kwamba mofini, ile dawa ya maji ya kutuliza maumivu makali, hunywewa kwa saa zake bila kungoja maumivu yarudi, tena si sumu ya kumharakisha mtu, maana ndugu wengi waliamini hivyo. Na mgonjwa akisema "ninaogopa," mkalimani hasemi "anasema anaogopa." Anasema "ninaogopa." Hilo lilinichukua mwaka mzima kulizoea.

Kila mwaka walikuja vijana waliomaliza shule, wanaotaka kusomea udaktari, kujitolea wakati wanangoja matokeo. Walitarajia sindano na vipimo. Sista aliwapa beseni, kitambaa na mkasi wa kucha. Wengi waliondoka kabla ya wiki mbili. Chanda, binti wa mwalimu wa Mwansabombwe, alibaki. Alikuwa mkimya, na Kiswahili alikiokota sokoni, cha kununulia na kuuzia tu.

Ndipo alipoletwa Mama Feza, mwuza samaki kutoka Kilwa ya Kongo, mwenye kansa ya mlango wa kizazi. Daktari aliyekuja kwetu mara moja kwa wiki alimpima, akavuta kiti, akasema kwa Kiingereza, taratibu: ugonjwa umefika kwenye figo, hakuna tiba iliyobaki, zimebaki wiki chache. Kama kuna mtu anayetaka kumwona, amwite sasa.

Mama Feza alinigeukia, akaniita baba kwa lugha ya kwao. "Papa, munganga anasema nini? Nitarudia ku soko?"

Alikuwa na umri wa dada yangu, na alikuwa anatabasamu. Nikasema, "Mama, anasema ugonjwa ni mukubwa. Tutakupatia dawa. Upumzike kwanza."

"Aksanti," akasema. Daktari akadhani ameelewa, akamsifu kwa moyo wake wa ujasiri. Nami sifa hizo nikazitafsiri vizuri kabisa.

Siku ya sita Chanda alikuwa akimpaka mafuta miguuni wakati Mama Feza alipozungumza kwa simu na binti yake wa pekee, Mapendo, aliyekuwa kwenye mitihani ng'ambo ya ziwa. Niliyasikia nikiwa kitanda cha pili. "Hapana, usikuye. Bakia kule, malizia egzamen yako. Miye niko bien, muzima kabisa. Banasema nipumzike tu."

Chanda alinifuata penye karo la kufulia mashuka. Aliniita Bashikulu, babu kwa Kibemba, kama siku zote.

"Bashikulu, siku ile nilikuwepo. Daktari alisema wiki chache. Amwite mtu wake."

"Wewe bado mtoto," nikamjibu. "Kuna maneno ambayo mtu hambebeshi mgonjwa."

Alichukua shuka, akaanza kulisuuza, kisha akasema, "Anamzuia binti yake asije. Mimi sina Kiswahili cha kumwambia. Ningekuwa nacho nisingekuja kwako."

Nilikasirika, na hasira yenyewe ikanionyesha kwamba anasema kweli. Nikaenda kwa Sista mkuu, nikamweleza yote. Nilitegemea kufukuzwa. Alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Hukumwonea huruma yeye," akasema. "Ulijionea huruma wewe mwenyewe. Twende."

Sista alirudia maneno ya daktari, Chanda akiwa ameketi miguuni pa mgonjwa, nami nikayasema yote, kila moja. Mama Feza alinitazama mimi, si Sista.

"Munajua tangu siku gani?"

"Siku sita, Mama."

"Siku sita," akasema. "Ulinikamatia siku sita zangu."

Niliinuka, nikasema naenda kuleta maji. Chanda hakuinuka. Alikuwa amekaa chini, ameshika miguu ya Mama Feza, na niliporudi, baada ya kukawia, alikuwa bado yuko pale.

Mapendo alipigiwa simu saa ileile. Lakini upepo ulikuwa mkali na mitumbwi ya injini haikuvuka kwa siku mbili. Figo za mama yake zilikuwa zinashindwa, na usingizi mzito umeshaanza kumchukua. Akaniita, maana hakuwa na mwingine, akanipa maneno ya kumwekea Mapendo: mwambie vitenge viko kwa jirani, mwambie asiolewe kwa ajili ya nyumba, mwambie mwaka jana nilimuita, hakuya, na roho iliniuma.

Mapendo alipofika, mama yake alifumbua macho mara moja, akaubana mkono wake, hakusema. Alifariki kesho yake asubuhi. Nilimpa binti maneno yale nyuma ya nyumba. La tatu nilitaka kuliacha. Chanda alikuwa amesimama kando, hakunitazama. Nikalisema.

"Roho iliniuma," nikasema, kwa sauti yangu, kama tulivyofundishwa.

Mapendo alilia sana, kisha akaniuliza kwa nini hakuitwa mapema. Nikamweleza.

Nimestaafu kwa sababu masikio yamechoka, na mkalimani asiyesikia ni hatari. Chanda sasa ni daktari, mbali na ziwa. Vijana wanaotaka kazi hiyo wakiniuliza wenzao walijifunza nini kwetu, siwaambii juu ya dawa. Dawa watafundishwa chuoni. Nawaambia kwamba kusema ukweli ni nusu ya kazi, na nusu nyingine ni kubaki umekaa ukishausema. Chanda aliijua nusu hiyo. Mimi, na miaka yangu yote, nilikwenda kuleta maji.

Mapendo huvuka na samaki msimu ukifika. Tukikutana sokoni hunisalimia kwa heshima, "Jambo, Papa," akapita. Sijawahi kumwomba asimame.