Nilichoma chakula cha mbuzi wa mama mkwe siku ya usafi

Na si kwamba simpendi tena, admin, hilo ulilouliza jana nalijibu kwanza. Mume wangu nampenda mpaka naona haya. Nina miaka ishirini na tatu, nilimaliza kidato cha nne, na tuna miezi minne tangu tufunge ndoa kanisani hapa Kakuma. Akicheka na ule mwanya wake nasahau hata joto la Lodwar tunakoishi. Asubuhi ananiletea chai kitandani, na majirani wakimcheka anawaambia, "Mwacheni malkia wangu apumzike." Tatizo ni mama yake.

Mimi nimekulia Kakuma mjini, kwenye hoteli ya mama yangu. Mbuzi nimemzoea akiwa kwenye sahani. Basi vijana wa mtaa wetu Lodwar walipoitisha siku ya kusafisha bustani ya umma kando ya mto, nilikuwa wa kwanza kujiandikisha. Nilitaka mume wangu ajivunie mimi. Tulipewa tisheti na reki, nikapangiwa kona yenye mgunga mkubwa. Chini yake kulikuwa na rundo lililozungushiwa matawi ya miiba, na upepo ulikuwa umelifunika kwa mifuko ya plastiki na kila uchafu. Wifi yangu, dada mkubwa wa mume wangu, alikuwa amesimama hapo mikono kiunoni. Nikamwuliza, "Wifi, na hii tuchome?"

"Si wewe ndiye unasafisha?" akasema, akanirushia kiberiti chake.

Nikachoma. Kumbe chini ya ile plastiki kulikuwa na maganda ya mgunga, chakula cha mbuzi cha kiangazi kizima. Na ule mti, ingawa umo ndani ya bustani ya watu wote, ni ekwar ya mama mkwe, mti wa ukoo tangu enzi za babu, na maganda yake hayaguswi na mtu mwingine. Mtaa mzima walijua, ila mimi.

Mama mkwe alifika moshi bado unatoka. Hata salamu ya ejok hakunipa. "Mtoto ya hoteli," akasema mbele ya vijana wote. "Sasa mbuzi yangu itakula nini? Itakula hiyo tisheti yako?" Watu wakacheka. Nilipiga magoti nikaomba msamaha, akasema nimefanya makusudi ili mbuzi wafe na mwanawe abaki wangu peke yangu. Wifi alikuwa pale pale, anachokonoa meno.

Sasa mama mkwe amezuia dume la ng'ombe la ndoa yetu lisichinjwe. Kwa desturi yetu, hata baada ya kanisa, bila dume hilo mimi si mke, na mtoto nikizaa atahesabiwa wa kwa baba yangu. Anataka nisimame chini ya mti ule mbele ya wanawake wa ukoo, niseme nilichoma makusudi.

Nilirudi kwa mama huku Kakuma. Wiki mbili naokota maganda kando ya lagga, ule mto mkavu, na safari hii niliomba wenye miti kwanza. Miiba imenichana mikono, lakini magunia matatu yamejaa. Mama mkwe alipoambiwa, alijibu, "Aje aseme, ama akae na magunia yake."

Mume wangu hupiga simu kila jioni. "Mpenzi, sema tu. Ni maneno. Tuchinje, tuishi." Akinibembeleza hivyo nalainika kama siagi juani. Lakini habari ya kiberiti haijui. Dada yake ndiye aliyembeba mgongoni utotoni, nikimtaja nitamvunja moyo. Nikinyamaza, nitaingia nyumba ile kama adui, na wifi akinitazama anacheka. Namchukia, sitawadanganya.

Nyinyi mliotangulia kwenye ndoa, chini ya mti ule niseme lipi, uongo utakaonipa mume au ukweli utakaomliza? Kwa maana kwenda nitakwenda. Kabla mwezi huu haujaisha nitafika Lodwar na magunia yangu matatu, na kile kiberiti nimekifunga kwenye pindo la leso.