Maboksi Ishirini na Sita ya Maboga

Ilikuwa Alhamisi, tarehe 30 Oktoba 2003, saa kumi na dakika kumi jioni. Saa naikumbuka kwa sababu basi la shule lilikuwa likitushusha saa kumi kasorobo, na siku hiyo nilikaa kitandani dakika ishirini na tano nikiufikiria mfuko uliokuwa chini yake kabla ya kuuvuta. Ndani mlikuwa na karatasi za manila, za rangi ya machungwa na nyeusi, na kielelezo cha boksi dogo lenye uso wa boga. Nilitakiwa nitengeneze maboksi ishirini na sita ya kutilia peremende za Halowini ya darasa letu. Yalitakiwa kesho yake asubuhi. Sikuwa nimekata hata moja.

Mama akinisikia nasema "enzi zetu" hucheka. Anasema mtu wa miaka kumi na sita hana enzi, ana juzi. Lakini nyinyi mliokulia kwenye apatimenti za Woodbridge, huku Marekani, kama mimi mtanielewa. Tulirundika majani makavu nyuma ya jengo la kufulia nguo, tukayarukia mpaka tukawashwa shingo. Mama zetu walirudi kazini na zile nguo zao za maua, mikono ikinuka sabuni ya kwenye nyumba za kutunzia wazee. Jumapili tulikwangua kadi za simu, tukapanga foleni kuwasalimia watu wa nyumbani ambao hatukuwajua, na salio likaisha kabla ya zamu yako, ukashukuru kimoyomoyo. Shuleni tulikula chapati kwa kuificha, na mtu akiuliza tukasema ni mkate wa Kimeksiko. Watoto wa siku hizi wanaibeba chapati wazi wazi, wanaipiga picha, halafu hawaimalizi.

Na mtakumbuka kwamba Halowini haikuwa yetu. Kwetu ilikuwa marufuku kabisa. Mama alisema, "Shetani hana haja ya sherehe, ana wafuasi wa kutosha." Kila mwaka siku hiyo wenzangu walivaa mabawa na meno ya plastiki, mimi nikatumwa maktaba pamoja na Salha wa ghorofa ya chini, ambaye wazazi wake walitoka Mombasa. Mama yake Salha na mama yangu hawakuwahi kukubaliana juu ya Krismasi, wala juu ya nguruwe, wala juu ya kiasi cha sukari kwenye chai. Juu ya Halowini walikuwa kitu kimoja.

Sasa maboksi yalinifikiaje mimi? Jumatatu ya wiki hiyo mwalimu aliuliza nani atatengeneza ya darasa zima. Kabla hajamaliza, mkono wangu ulikuwa tayari juu. Nilikuwa nataka kuuliza kama na mwaka huu nitakwenda maktaba, swali nililokuwa nimelifanyia mazoezi tangu kwenye basi. Akatabasamu, akasema ahsante Mwende, akaandika jina langu ubaoni. Nikaushusha mkono. Nilikuwa mtoto wa aina hiyo. Niliona ni rahisi zaidi kutengeneza maboksi ishirini na sita kuliko kumwambia mtu mzima kwamba amekosea.

Nyumbani alikuwapo Susu. Ndivyo sisi Wakamba tunavyomwita bibi. Alikuwa amekuja kututembelea kutoka Machakos, na alikuwa amekaa miezi mitatu. Kikamba changu ni cha kusikia tu, kwa hiyo tulikutana kwenye Kiswahili, yeye chake cha sokoni, mimi changu cha kanisani. Maisha yake yote Susu alifuma viondo, vile vikapu vya mkonge. Kwetu hakuwa na la kufanya. Aliomba ufagio, akaonyeshwa mashine inayonguruma juu ya zulia. Alifua soksi zetu kwenye beseni la kuogea, Mama akamkataza. Kutwa alikaa kwenye kochi, mikono juu ya mapaja, akiitazama televisheni iliyozimwa.

Nilipotandaza karatasi mezani akasogea.

"Hizo ni za nini?"

"Za shule, Susu."

"Za shule za nini?"

Nikazinyoosha karatasi. Akakiokota kile kielelezo, akakiweka mbali na macho ili akione.

"Boga," akasema. "Ni sadaka ya mavuno."

Lazima niwaeleze hapo. Kanisani kwa Susu kuna Jumapili ya mavuno. Watu hubeba maboga, mahindi na kuku waliofungwa miguu mpaka mbele, mchungaji akayaombea. Na kwa majuma matatu Susu alikuwa akiona maboga kwenye mlango wa kila jirani. Alishaamua kwamba Wamarekani ni watu wenye shukrani sana kwa Mungu, ila hawana mchungaji wa kupita kuyachukua.

"Si ndiyo?" akauliza.

"Eeh," nikasema.

Akavuta kiti. Akaomba mkasi.

Gundi aliikataa. Alisema gundi ni ya mtu asiyejua kufuma. Alikata manila nyeusi vipande virefu vyembamba, akachanja boksi la rangi ya machungwa mistari kwa ncha ya mkasi, kisha akavipitisha vile vipande juu na chini, juu na chini, mpaka pakatokea ule mchoro wa pembepembe ulioko kwenye viondo vyake. Chumba kilinuka kalamu za rangi na chai ya tangawizi. Alipofika kwenye uso akasimama.

"Hili lina meno."

"Ni mchoro tu, Susu."

"Linamng'ata nani?"

"Halimng'ati mtu."

"Basi meno ya nini." Akafuma ukanda juu ya mdomo, meno yakapotea. "Boga la sadaka haling'ati."

Kwenye boksi la tatu ningeweza kumwambia. Nilikuwa hata nimepanga maneno. Kufika la kumi alikuwa anaimba pole pole, miguu imevuliwa viatu, na alikuwa ameanza kunichambua kazi yangu. "Hilo lako limelegea kama mdomo wa mlevi. Lete." Akalifumua, akalifuma upya. Halafu akasema bila kuniangalia, "Tangu nije hapa nimekaa kama mgeni wa harusi. Nilimwambia mama yako anitafutie mkonge, akaniletea rimoti. Leo nimefanya kazi."

Baada ya hapo sikuweza.

Mama alirudi saa moja kasorobo. Akasimama mlangoni, funguo mkononi. Mezani kulikuwa na maboksi kumi na saba, manne yangu, kumi na matatu ya Susu.

"Mwaitu, hayo ni nini?" akauliza. Ndivyo alivyomwita mama yake.

"Ya mavuno, ya shule," Susu akajibu. "Wewe umenifungia ndani miezi mitatu. Mtoto wako amenipa kazi ya Mungu kwa siku moja."

Mama akaliangalia boksi moja ambalo Susu hajaliziba meno. Kisha akaniangalia mimi. Wenzangu mnalijua lile jicho, sina haja ya kulieleza. Nilingoja. Akatundika koti, akanawa mikono, akaja akaketi.

"Yamebaki mangapi?"

"Tisa," Susu akasema. "Shika mkasi."

Tulipomaliza aliniita jikoni, akafungua bomba ili maji yapige kelele.

"Wewe ndiye uliyemwambia ni ya mavuno?"

"Yeye ndiye alisema."

"Na wewe?"

"Nikasema eeh."

Akasugua sufuria iliyokuwa safi. "Maboksi utapeleka, kwa sababu uliahidi. Kwenye sherehe hutakaa. Na Susu utamwambia wewe mwenyewe, kwa mdomo wako. Sitaki Jumapili asimame mbele ya kanisa atoe ushuhuda wa maboga."

"Sasa hivi?"

Akachungulia sebuleni. Susu alikuwa anayapanga maboksi mistari kwa mistari, kama mtu anayepanga bidhaa siku ya soko.

"Kesho asubuhi," Mama akasema. "Leo mwache ashibe."

Siku hizi mambo ni tofauti. Binamu yangu wa mji wa Columbia, mwenye miaka kumi, ananunuliwa maboksi yaliyokwisha kukatwa, unabonyeza tu yanasimama. Nilimwuliza mwaka jana nani aliyechora popo wa kwenye hayo maboksi. Akaniangalia kama niliyemwuliza nani aliyechora Jumanne. Na marufuku imekwisha. Kanisani kwetu kwenyewe, mwisho wa Oktoba, watu wanaegesha magari, wanafungua buti, wanagawa peremende kwa watoto waliovaa kama nyuki, na tangazo linasema ni sherehe ya mavuno. Susu alikosea kwa miaka mitano tu. Sasa yuko Machakos, macho yamemchoka, hafumi tena. Hao watoto wana raha kuliko sisi, nakubali. Hawajifichi, hawatumwi maktaba. Lakini mikono yao haijui kitu, na hakuna bibi anayeitwa mezani.

Ijumaa asubuhi Susu aliamka kabla yangu. Nilisimama mbele yake nikiwa nimeshavaa jaketi.

"Susu, si ya mavuno. Ni ya Halowini."

"Ndiyo nini?"

"Watoto wanavaa kama mizimu. Wanapewa peremende."

"Mizimu."

"Eeh."

"Na jana ulijua."

"Nilijua."

Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza. Aliyapitia maboksi moja moja, akiyageuza kwenye mwanga wa dirisha, nami nikadhani atayachana. Akachagua moja, lililofumwa kwa kubana kuliko mengine yote, akaliweka mapajani na kulifunika kwa mikono yote miwili.

"Hayo mengine ni yako na mwalimu wako," akasema. "Hili nililifuma nikimwombea Mungu. Haliendi kwa mizimu."

Nikatia ishirini na tano kwenye ule mfuko, nikalikimbilia basi. Darasani nilipita nikiweka moja kwenye kila dawati, nikaliruka la kwangu. Mwalimu akalisifu lile pambo jeusi, kisha akauliza mbona kwangu hakuna. Nikamwambia la kwangu liko nyumbani na bibi yangu. Akasema manila bado ipo kabatini, naweza kutengeneza lingine upesi kabla ya kengele.

Nikasema hapana, ahsante.