Mbeyu na Udongo wa Pangoni

Mbeyu alikuwa Mwaata, mzaliwa wa wawindaji wa msituni nyuma ya Kilifi, watu ambao pinde zao ziliangusha tembo. Miaka michache kabla ya vita vya Wajerumani, vuli ilipita kavu, masika nayo yakawa manyunyu tu. Wanyama wakubwa wakahamia mto Sabaki.

"Tuwafuate," alisema Lewa, mumewe. "Hapa tutakufa."

"Na mama yako, Baba Kabibi?" Mbeyu alimjibu. "Hata kisimani hafiki."

Lewa akaahirisha safari.

Kesho yake Mbeyu alimfukuza nungunungu hadi ndani ya pango moja la msituni, akalichimba shimo alimojificha. Alichimba mpaka akazama kiunoni. Nungunungu hakumpata, ila macho yake yalinaswa na ukuta wa lile shimo. Chini kabisa udongo ulikuwa mweusi, wenye mifupa minene ya nyati. Juu yake ulikuwa mwekundu, mkavu kama unga, umejaa magamba ya konokono, vifupa vya sungura na panya, na majivu. Juu zaidi ulikuwa mweusi tena, na mifupa ya nyati imerudi.

Alikaa pale mpaka miguu ikafa ganzi. Kisha akaenda kumwita mumewe.

"Jua hili si la kwanza, Baba Kabibi. Liliwawakia watu hapa zamani za zamani, wala si mwaka mmoja. Nyati walipowakimbia, walikula viumbe vidogo."

"Mwanamume wa kwetu atege panya?" Lewa aliuliza kwa uchungu.

"Hawa walitega. Tazama majivu yao, hayakukatika mpaka nyati waliporudi."

Lewa aliufikicha ule udongo mwekundu vidoleni. Kisha akafungua kamba ya upinde wake iwe ya mtego. "Nionyeshe pa kutega."

Jamaa wengine walishika njia ya mtoni. Mbeyu na watu wa nyumba yake wakabaki pangoni. Siku ya kwanza ya kula konokono Mbeyu alitapika, akajifuta, akala tena ili Kabibi, bintiye, amwone akila. Alichimba viazi mwitu hadi kucha zikang'oka. Mama mkwe alimega panya wa kuchoma, akacheka: "Mwanangu, umenirudisha utotoni, enzi za kuchoma panya!"

Mvua ilinyesha vuli iliyofuata. Pangoni hakufa hata mmoja. Waliokwenda mtoni walirejea wamekonda, na baadhi ya watoto hawakuwamo. Mbeyu aliwatandikia, akawapakulia, na asubuhi akakaa na wanawake wao kuwaonyesha jinsi ya kufunga kitanzi cha mtego.