Utando wa Sufuria za Severina

Watu wa mtaa wa Majengo wanajua kwamba kioo chako kikivunjika na unataka kujitazama kabla ya misa, unapita nyuma ya nyumba ya Severina. Kichanja chake cha vyombo kinatazama jua la asubuhi, na sufuria zimelala juu yake kifudifudi, kuanzia ile kubwa ya pilau ya harusi hadi ile ya chai ya mtu mmoja. Severina ni mjane. Hana ng'ombe wala shamba la kusimulia. Ana sufuria, na msiba ukitokea watu huja kuziazima kabla hata ya kumtafuta katekista.

Huzisugua mwenyewe kwa majivu, mchanga na stilwaya, ndani na nje, mpaka masizi yakate tamaa. Jirani yake Kunegunda aliwahi kumletea maharage kwenye sufuria yenye weusi. Severina aliyahamisha maharage, akaisugua sufuria ya watu mpaka ikang'aa, akairudisha bila neno. Kunegunda hajaleta maharage tena.

Mwanawe Urbani, dereva wa basi, alimuoa Domina, mwalimu wa fizikia anayesomea shahada ya pili. Wanaishi wote ua mmoja. Tangu aolewe, Domina hajawahi kushika stilwaya ya nyumba ile. Kila akiinama kusaidia, Severina humwambia, "Acha tu mwalimu, utachafuka," kisha humletea kiti na chai. Severina aliamini huo ni ukarimu. Pia aliamini kwamba mtu anayeshinda mbele ya kompyuta hawezi kuyajua masizi.

Jumamosi moja alimpelekea chai yake, akasimama nyuma ya kile kiti.

"Mwalimu, hiyo mashine inakupa nini siku nzima?"

"Nahesabu elektroni, mama. Vile vichembe vya umeme vilivyo ndani ya kila kitu. Nataka kujua vinajipangaje pale metali inapokutana na utando wa oksidi."

"Metali gani?"

Domina akatazama kichanja, na hapo ndipo alipoharibu.

"Hata hizi sufuria zako, mama. Alumini ikikutana na hewa, oksijeni inachukua elektroni zake, unaota utando mwembamba usioonekana kwa macho. Pale mpakani chaji inajigawa upya. Huku inapungua, kule inazidi, mpaka vinatulia."

"Hizo elektroni zinahamia wapi?"

"Haziendi mbali. Ni hapohapo mpakani."

Severina alifikiria jinsi serikali inavyohangaika kusomesha watu kwa ajili ya vitu visivyokwenda mbali.

"Nikiusugua huo utando je?"

"Unarudi kabla hujainua mkono!" Domina alisema kwa furaha ya mwalimu aliyeulizwa swali zuri. "Alumini yenyewe, mama, hujawahi kuigusa hata siku moja."

Severina akachukua kikombe kitupu, akaondoka. Maneno yale yalimchoma kuliko alivyotaka kukiri. Amesugua tangu akiwa mwali, na sasa anaambiwa hajafika. Kesho yake, baada ya misa, akaiteremsha sufuria ya pilau na kuisugua kwa hasira, sehemu moja tu, akiitafuta hiyo alumini. Hakuiona. Alichopata ni kifundo cha mkono wa kulia kilichovimba.

Angeweza kusema. Lakini Jumamosi iliyofuata ilikuwa harusi ya binti yake, Lidwina, na wanawake wa jumuiya wangekuja kupika, Kunegunda akiwemo. Amwombe nani msaada, yeye aliyewasugulia watu vyombo vyao bila kuombwa? Akaamua kufa na tai shingoni. Wiki nzima alimega ugali kwa mkono wa kushoto na kusema ni mazoea mapya.

Asubuhi ya harusi alijaribu kuisugua sufuria ya pilau kwa kushoto. Ikamponyoka, ikabingirika mpaka mlangoni kwa Domina kwa kelele iliyowaamsha mbwa wa mtaa. Domina akatoka. Akaitazama sufuria, akautazama mkono wa mama mkwe wake.

Wanawake walikuwa wameshatoka kanisani, wako njiani kuja kupika.

"Lete kiti," Severina akasema.

Domina akaleta kile kiti cha chai. Severina akakikalia mwenyewe, akamnyooshea stilwaya.

Domina alisugua vibaya sana. Alisugua katikati, akaruka pembeni, akamwaga majivu miguuni.

"Pembeni hapo umeacha. Wewe nani alikufundisha kusugua?"

"Hakuna, mama," Domina akajibu, bila kuinua kichwa. "Kila nikija unaniletea chai."

Severina alijisikia vibaya. Akateremka kwenye kiti, akachuchumaa, akaweka mkono wake uliovimba juu ya mkono wa Domina, wakazungusha pamoja. Iliuma. Hakuuondoa.

"Ule utando, mama," Domina akasema, "ndio unaozuia hewa isiendelee kuila sufuria. Nilipaswa kuanzia hapo."

"Kumbe ni kitu kizuri."

"Kizuri sana."

"Ungeanzia hapo, kweli."

Wanawake wakaingia na vitunguu vyao. Kunegunda akasimama ghafla. Alimtazama Domina, masizi hadi kwenye kiwiko na kitenge kimechafuka kwa majivu.

"Mama Urbani! Leo umemsuguisha mwalimu?"

"Mwalimu ni Jumatatu," Severina akasema. "Leo ni mwanangu." Kisha akainama, akakagua. "Na wewe, pembeni bado. Rudia."

Domina, aliyejua kuliko mtu yeyote Majengo kwamba utando ungerudi kabla hajainua mkono, akarudia.