Kikapu cha Kujifunzia

Mama yangu hana mchezo na vikapu. Shambani kwetu Kimulot, mchumaji hafiki na kikapu chake. Anafika mikono mitupu, anasimama langoni, na Mama anamkabidhi kikapu alichokikagua mwenyewe: kimekauka, hakina harufu ya mafuta taa wala ya mbolea, na mkanda wake haujaanza kukatika. Wageni huona ni madharau. Kuna mama mmoja aliwahi kuja na gunia lake, safi kabisa, akaambiwa aliache kando ya ua, atalikuta jioni. Alinung'unika siku nzima, lakini alichuma.

Sisi watoto tulikuwa na kikapu chetu, kidogo, kizee, chenye tundu ubavuni. Kilikuwa cha kujifunzia. Tulichuma nacho sawasawa na wakubwa, majani mawili na chipukizi, kisha tukakimwaga mbele ya Mama juu ya meza ya mbao. Aliyapekua majani yetu moja moja, akituambia lipi lingekubaliwa kwenye kituo cha kununulia chai na lipi lingemtia aibu. Akimaliza aliyatupa yote, mazuri na mabaya, chini ya majani ya kulishia ng'ombe, yawe mbolea. Hakuna hata jani moja lililofika kwenye lori la kiwanda. Nililia sana kwa ajili hiyo, maana nilitaka yangu nayo yapimwe.

Sasa mimi ni mtu mzima na kazi yangu ni kuandika programu, katika ofisi ndogo mjini Kericho, juu ya duka la gambuti. Mwaka juzi tulipewa kazi ya kuwajulisha wakulima lori la kubeba majani chai litafika kituoni saa ngapi. Karani wa lori anabonyeza simu yake, taarifa inasafiri kwa mtandao hadi kwenye seva yetu, na seva inawatafuta wakulima wa kituo hicho na kuwatumia meseji. Seva yenyewe ni programu tu, ila haizimwi. Inakaa pale ikingoja kuitwa. Mimi ndiye niliyeiandika.

Mtu asiyejua chai ataona ni kazi ya kujifurahisha. Lakini jani likishachumwa halina subira. Likilala mpaka kesho linapata joto ndani ya kikapu, linageuka jekundu, na karani analirudisha bila kukuangalia usoni. Saa ya lori ndiyo inayoamua kama siku yako imekuwa na maana.

Kituo cha kwanza kujaribu kilikuwa chetu, na hilo lilikuwa jambo la Mama. Alizunguka kwa wanawake wenzake, wale wa kikundi cha kuchumiana kwa zamu, akiwaomba wajiandikishe. Kundi halikutaka kusumbuliwa. Walikubali mwishowe kwamba meseji zije kwa simu ya Mama peke yake, naye awaite. Walimkubali kwa sababu neno lake pale kwetu halikuwa linaulizwa mara mbili. Akisema lori linakuja, watu wanafunga leso na kuingia chai kuchuma.

Nami huku ofisini nilikuwa na haraka, na nikiwa na haraka siambiliki. Mwenzangu wa kazi, mtu mpole kutoka upande wa Chepilat, aliusoma msimbo wangu na kuniambia jambo moja. Seva yangu ilikuwa inajitafutia kila kitu yenyewe. Ikiamka tu, inakwenda kuchukua njia ya kutuma meseji, ufunguo wa njia hiyo, orodha ya namba na hata saa ya ukutani, vyote vimeandikwa ndani ya tumbo lake. Alisema seva nzuri hupewa mahitaji yake kutoka nje, ili siku ya kuijaribu uipe mengine. Nilimjibu kwamba akitaka kuandika yake aandike. Akaenda kunywa chai.

Basi nikaandika majaribio yangu hivyo hivyo, yale ya kuhakikisha seva inafanya kazi kabla haijaanza kutumika. Jaribio lilihitaji mkulima mmoja wa mfano, na mkulima lazima awe na namba ya simu. Kichwani mwangu kuna namba moja tu ninayoijua bila kuitafuta, ya Mama. Nikaiweka. Saa ya lori nikaandika saa nane na dakika kumi na saba mchana, saa ya ajabu, ili nikiiona mahali popote nijue ni yangu. Nilidhani meseji ile haiendi popote. Sikufikiri kwamba seva niliyoizoesha kujichukulia vifaa vyake ingechukua vile vya kweli, hata wakati wa kujaribiwa. Niliyaendesha majaribio asubuhi ya Jumatatu, yakapita. Nikayaendesha Jumatano, na Ijumaa tena. Nilifurahi nikanunua maandazi ya ofisi nzima.

Jumamosi nilikwenda nyumbani. Nyuma ya zizi niliona rundo la majani chai, mekundu, yameshikana, yananuka. Sikuwahi kuona kitu kama hicho kwa Mama. Nilimuuliza, akasema ni mbolea ya majani ya ng'ombe, kisha akauliza kama nimekula. Aliponipa chai niliona hakumwita jirani yetu kuja kuniamkua, na yule jirani alipita barabarani bila kuchungulia.

Nilichukua simu yake mezani ili niitie chaji. Meseji ya juu ilisema lori la majani litafika kituoni leo saa nane na dakika kumi na saba. Chini yake ilikuwa nyingine, saa ileile. Chini yake nyingine.

Nilimwonyesha Mama simu, naye akanisimulia. Siku tatu wiki ile Mama aliwaita wanawake, wakachuma asubuhi nzima, wakabeba vikapu hadi kituoni na kukaa kwenye mvua mpaka giza likaanza kuingia. Lori halikuja, kwa sababu hakuna aliyesema linakuja isipokuwa mimi. Jumatatu walicheka, wakasema lori la siku hizi linahesabu hadi dakika. Jumatano hawakucheka. Ijumaa walikwenda wawili tu, na waliporudi mmoja wao alimwambia Mama kwamba kuanzia sasa watangoja honi ya lori.

Nilimuuliza kwa nini hakunipigia.

"Nilijua ni kazi yako," alisema. "Nikaona nikisema, watu ya huko watasikia umekosea, wakufute. Afadhali mimi nionekane mwongo."

Nililia pale pale, mkono bado umeshika waya wa chaji. Yeye akaniongezea maziwa kwenye kikombe.

Jumapili baada ya ibada niliwakuta wanawake wa kikundi nje ya kanisa, nikawaambia yote. Niliwaambia Mama hakusema uongo, mimi ndiye niliyemtumia uongo bila kujua. Walinisikiliza kwa heshima. Mkubwa wao alinishika mkono.

"Sisi hatuna shida na wewe, mtoto yetu," alisema. "Lakini hiyo majani haiwezi kurudi kwa mti."

Hakusema neno lolote kuhusu Mama. Mama alikuwa amesimama hatua chache nyuma yangu akijifanya kufunga leso, na nilijua amesikia.

Jumatatu nilimwomba mwenzangu msamaha kabla sijakaa. Kisha tulikaa pamoja, na nilipoanza kuufumua ule msimbo niliona lango la kwetu. Mchumaji anafika mikono mitupu. Kikapu anapewa langoni, na anayempa ndiye anayejua leo ni siku ya lori au ni siku ya watoto. Nilikuwa nimelelewa na jibu lenyewe.

Tulitoa kila kitu tumboni mwa seva. Ufunguo, anwani, majina ya vituo, vyote tuliviweka kwenye faili moja la mipangilio linalosomwa mara moja tu, wakati wa kuamka. Kikikosekana kimoja, seva inakataa kuamka na inasema ni kipi. Njia ya kutuma meseji inakabidhiwa mlangoni. Siku ya kazi inapewa ile ya kweli. Siku ya majaribio inapewa ya kujifunzia, ambayo inapokea meseji vilevile, inaandika kwenye orodha nani angetumiwa na nini, kisha inaishia hapo. Sisi tunaipekua orodha ile kama Mama alivyopekua majani mezani. Saa nayo tulianza kuikabidhi, ili seva isiende kuangalia ya ukutani. Mwenzangu hakusema "nilikuambia", na hapo ndipo nilipoanza kumpenda kama ndugu.

Alhamisi karani alibonyeza simu yake, na seva ikatuma meseji ya kweli. Baada ya dakika moja Mama alipiga.

"Hii ni ya lori, ama ni ya kikapu ya watoto?" aliuliza. Nilikuwa nimemweleza tayari, naye alikuwa ameelewa upesi kuliko mimi.

"Ni ya lori, Mama."

"Sawa," alisema, akakata.

Hakumwita mtu. Mambo haya alinisimulia jioni. Alichukua kikapu chake, akaingia chai peke yake, mahali ambapo kila mtu wa upande wa pili wa barabara angemwona. Alichuma kama saa nzima bila kuinua kichwa. Alipokwenda langoni kunywa maji aliwakuta wanawake watatu wamesimama, mikono mitupu, akiwemo yule mkubwa wao. Mama aliingia ndani akatoa vikapu, akavikagua kimoja kimoja, akawakabidhi. Lori lilifika. Aliponiambia hivyo sauti yake ilikatika kidogo, akasingizia mtandao.

Nilimwambia jambo la mwisho lililobaki ni kuitoa namba yake kwenye majaribio, niweke ya kubuni.

"Kwani hapo kwa kikapu ya watoto inadhuru nani?" aliuliza.

"Haidhuru mtu."

"Basi niache hapo. Hizo siku tatu niliona unaniita kila asubuhi."

Sikuitoa. Kila asubuhi majaribio yanapita, na kwenye orodha kuna mkulima mmoja ambaye angeambiwa lori linakuja saa nane na dakika kumi na saba. Haambiwi kitu. Huwa naitazama namba ile, nanyoosha mkono kuchukua simu nimpigie, kisha mtu ananiita na siku inapita.

Wiki iliyopita, mchana, simu yangu iliita mezani. Nilitazama saa kwenye kioo chake kabla sijapokea. Ilikuwa saa nane na dakika kumi na saba.

"Hakuna kitu," Mama alisema. "Si ulisema saa nane na dakika kumi na saba? Nimefika tu."